Kiti cha Mgeni Ukumbini

Jambo hili niliambiwa kwanza na Warigia, anayeuza chai nje ya ukumbi wa jamii hapa Nanyuki. Alikuwa akisuuza vikombe jioni, nami nilikuwa nimemwambia kwamba nimepata kazi ya kufagia ukumbi huo pamoja na chumba cha nyuma cha kulala. Alisema si vizuri niingie na mtoto bila kujua yaliyompata Wachuka, aliyefagia kabla yangu.

Kwa Wachuka lilianza na harufu ya ubani, jioni ambayo hakuna mtu aliyewasha chochote.

Ukumbi ule ulijengwa na Wazungu kwa ajili ya dansi zao, na uhuru ulipokuja ukawa wa kila mtu. Jumamosi mchana huonyeshwa sinema. Siku nyingine waigizaji hufanya mazoezi, na mlangoni kuna ubao unaotangaza kinachokuja. Wachuka aliishi chumba cha nyuma na binti yake Ngendo, ambaye hakuwa bado anaweza kukaa bila kushikwa. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi na hakurudi kuwaambia kama aliipata.

Ubani ulikuwa umeingia ukumbini kwa ajili ya mchezo. Ubao ulikuwa umetangaza mchezo wa tajiri aliyemkaribisha jini ili amlindie mali yake, na Mwalimu Hezekiah, kiongozi wa waigizaji, alitaka moshi jukwaani. Walichoma majani mabichi wakakohoa mpaka mazoezi yakavunjika. Ndipo akamtuma Wachuka kwa Hawo, mke wa Barre mwuza ng'ombe, akaazime chetezo cha udongo na ubani kidogo.

Hawo alimpa. Alimweleza kwamba kwao ubani wa jioni huwashwa kwa wageni wasioonekana, na mtu akishawaita ni lazima mwishowe awaage. Wachuka aliitikia tu. Mtoto alikuwa na mafua, yeye mwenyewe hakuwa amelala, na alichosikia vizuri ni kwamba asivunje chetezo.

Basi kila jioni Mutahi, fundi wa baiskeli aliyeigiza tajiri, alisimama mbele ya kiti kitupu, moshi ukipanda, akanyoosha mikono na kusema, "Karibu. Kiti chako ni hiki. Chochote kinachopumua ndani ya nyumba hii ni chako."

Aliyarudia maneno hayo majuma mengi, kwa maana Mwalimu Hezekiah alisema anayatamka kama mtu anayeuza tairi kuukuu. Siku ya mchezo wenyewe watu walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Kesho yake Wachuka alirudisha chetezo kwa mwenyewe. Hakuna aliyemuaga mtu yeyote.

Baada ya hapo ndipo harufu ilipoanza kurudi yenyewe kila jua likizama. Wachuka alidhani imeshika kwenye mapazia, akayafua. Ilirudi. Kile kiti cha jukwaani alikipanga ukutani pamoja na vingine, na asubuhi alikikuta tena katikati ya jukwaa. Alikirudisha, kwa maana kazi ya mfagiaji ni kurudisha vitu, na hakuwa na nguvu ya kuuliza nani alikitoa. Siku moja aliposhika pale pa kukalia, palikuwa na joto, kama mtu ameondoka sasa hivi.

Kisha Ngendo akaacha kulia. Mwanzoni Wachuka alishukuru, maana alilala. Lakini mtoto alianza kukataa ziwa jioni. Aligeuza uso kuelekea jukwaani, akanyoosha mikono, akacheka kicheko cha kumfahamu mtu. Nywele zake zilinukia ubani hata baada ya kuoshwa. Na kila siku alikuwa mwepesi zaidi mgongoni, mpaka Wachuka akawa anapeleka mkono nyuma kuhakikisha kwamba bado yuko.

Alimwambia Warigia, kwa sauti ya chini, wakiwa hapo penye chai. Warigia alimwambia ahame. Wachuka akauliza ahamie wapi.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa watu waliokuja kuona sinema, wengine kutoka Kiganjo. Katikati ya picha kivuli kikaonekana kwenye kitambaa cheupe cha sinema kilichotundikwa mbele ya jukwaa, kivuli cha mtu mrefu aliyeketi, na vijana wakaanza kumpigia kelele huyo wa mbele, wewe mwenye kichwa kama karai, inama. Hakuna aliyeinama, kwa maana mbele hapakuwa na mtu. Mutahi, ambaye ndiye aliyeendesha mashine ya sinema, akasimamisha picha na kuiacha taa ikiwaka, akidhani ni uchafu kwenye kioo, na katika mwanga ule mweupe watu wote wakaona wazi kiti, na aliyekaa kitini, na juu ya magoti yake kichwa kidogo cha mtoto kikitikisika polepole kama anayebembelezwa, na Wachuka, aliyekuwa amesimama mlangoni na leso yake ya kubebea mtoto imefungwa vilevile alivyoifunga, fundo halijalegea, akapeleka mkono mgongoni akakuta leso tupu yenye joto.

Alikimbia hadi nyuma ya kitambaa. Ngendo alikuwa kwenye kile kiti, amekaa wima katikati, mbali na maegemeo, yeye ambaye hakuwa amewahi kukaa peke yake hata siku moja. Wachuka alipomvuta, kitu kilimshikilia kidogo, kisha kikamwachia.

Watu walitawanyika. Hawo aliitwa, akaja na chetezo chini ya shuka. Hakufoka. Aliuliza ni maneno gani yalisemwa kwenye moshi ule. Mutahi aliyataja akitazama viatu vyake.

"Na ndani ya nyumba hii nani anapumua?" Hawo aliuliza. "Nani analala hapa?"

Wote walimgeukia Wachuka.

"Ati si ilikuwa mchezo tu, mama," Mutahi alisema.

"Wewe ulikuwa unacheza. Yeye alialikwa."

Hawo aliwasha ubani, akamwambia Mutahi amuage mgeni na kukiri kwamba alitoa kisicho chake. Mutahi alijaribu, lakini woga ulimrudishia ile sauti ya tajiri, sauti ya jukwaani, na kila aliposema moshi ulizidi kuinama kuelekea kwa mtoto. Hawo alimwambia aseme kwa sauti yake. Hakuweza. Ilikuwa kama hana nyingine.

Wachuka akasogea mwenyewe, amemkumbatia Ngendo, akasimama mbele ya kiti. Warigia alikuwa mlangoni na alisikia. Alisema Wachuka hakupiga kelele.

"Mimi sikukuita," alisema. "Huyu mtoto nimemzaa mimi, si wa huyo, na si wa nyumba. Nimechoka, mgeni. Nimechoka sana. Niachie."

Kiti kililia kama kinavyolia mtu mzito akijiweka sawa. Moshi ukanyooka. Ngendo akafungua mdomo akalia, kilio kirefu cha njaa, na Wachuka akaketi hapo hapo sakafuni akamnyonyesha.

Hawo alipokuwa akikusanya majivu, Mwalimu Hezekiah alimuuliza kama mgeni amekwenda. Hawo alijibu kwamba amemwachilia mtoto tu. Kiti alipewa mbele ya watu wengi, nao walipiga makofi. Hicho asingeweza kumnyang'anya.

Wachuka alirudi kwao Tetu. Ubao ukaandikwa sinema nyingine inayokuja.

Warigia alipomaliza aliniuliza kama bado nitaichukua kazi. Nilimtazama mwanangu, amelala na mdomo wazi. Tumelala jikoni kwa watu tangu mvua zianze.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mtoto kifuani, si mgongoni, nikaenda. Nilifungua mlango nikasimama. Mimi si mtu wa kuongea na wageni, lakini nilisema, kwa sauti yangu, kwamba mimi ni mfagiaji tu na huyu mtoto ni wangu. Kisha nilifagia kuanzia mlangoni mpaka jukwaani. Kiti kilikuwa katikati. Nilikifuta vumbi, maana ni kazi. Kilikuwa na joto. Nilikizunguka kwa ufagio, nikaendelea.