Chumba Kilichoandikwa Jina la Sylvain

Foleni ya fotokopi karibu na posta ya Lubumbashi ilikuwa imefika barabarani asubuhi ile ya Jumatatu. Mapalo alikuwa amesimama pale zaidi ya nusu saa, sketi yake ya buluu imepigwa pasi vizuri, viatu vinambana, mkononi ana pasipoti nne za wateja. Alipobakiza mtu mmoja tu mbele yake, kijana mrefu mwenye shati jeupe akapenya na kumnyooshea mwenye mashine karatasi zake.

"Papa, we! Sisi bote huku tuko mu mulongo juu ya nini?" Mapalo akapaza sauti.

"Pardon, mama. Patron eko mu gari, eko na haraka."

"Basi patron akuye asimame yeye mwenyewe!"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akatoka, akaenda kusimama nyuma kabisa ya foleni. Mapalo alipomaliza shughuli zake alimkuta bado yuko mbali na mashine, na simu yake inalia ovyo mfukoni.

"Patron atakufukuza," Mapalo akamwambia.

"Anifukuze. Weye unaitwa nani?"

Ndivyo walivyofahamiana. Yeye alikuwa Sylvain Katongo, mzaliwa wa Kamalondo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, dereva wa mkurugenzi mmoja wa kampuni ndogo ya migodi aliyeitwa Jean-Claude. Mapalo alifanya kazi katika shirika la safari mjini. Kazi yake ilikuwa kuwachagulia watu hoteli za Zanzibar, ingawa mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Aliijua kwa simu. Alikuwa akiwapigia wenye hoteli mmoja mmoja, akiwauliza kama jenereta inapiga kelele, kama muziki wa jirani unaingia chumbani, maji yanarudi saa ngapi. Wateja wenye kutaka dansi aliwapeleka kaskazini. Wenye kutaka kupumzika aliwapeleka vijiji vya mashariki.

Kila adhuhuri Sylvain alimpigia simu.

"Chérie, leo uko mu kijiji gani?"

"Leo niko Jambiani."

"Kuko nini?"

"Hakuna kitu! Ile njo uzuri yake. Maji inaenda mbali, bamama banatembea mu muchanga kutafuta mwani. Kuko nyumba moja ya vyumba saba. Chumba ya mwisho, mulango inaangalia bahari. Ile iko yetu, unasikia? Sijaionyesha muteja hata mumoja."

"Nasikia, bibi yangu."

"Bado sijakuwa bibi yako. Haujaonana na baba."

"Nitaonana naye. Weye chunga chumba."

Miezi minane walikaa hivyo, wakichekeshana kwa simu, Jumapili wakitembea Kamalondo bega kwa bega hadi kwa shangazi Bijou, fundi cherehani, ambako Mapalo alikuwa akiishi.

Alhamisi moja Madame Virginie, mkuu wa ofisi, akamwekea faili mezani. "Hii uthibitishe leo. Muteja mukubwa. Tikiti zake za ndege atajipangia, sisi tuko na hoteli tu."

Mapalo akafungua. Jambiani. Nyumba ya vyumba saba, chumba cha mwisho. Bwana na Bibi Sylvain Katongo, fungate, kitanda kipambwe maua. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya kitambulisho cha Sylvain, na nakala ya pasipoti ya msichana aitwaye Plamedie, wa miaka ishirini na moja, mwenye nyusi zilizochorwa.

Alisoma mara tatu. Kisha akatoka hadi kwenye ngazi akapiga simu.

"Sylvain, Plamedie ni nani?"

Akasikia kiashiria cha gari kikigonga.

"Mapalo, nitakueleza. Sasa haiwezekane."

"Juu ya nini haiwezekane?"

Simu ikakatwa. Sylvain alipopiga jioni, Mapalo hakupokea. Hakupokea Ijumaa. Faili aliifungia kwenye droo bila kuithibitisha.

Jumamosi Sylvain akaja mwenyewe. Mapalo alikuwa anakata nyuzi kwenye kitenge cha mteja, shangazi Bijou yuko kwenye cherehani.

"Ule mwanamuke haiko wangu," Sylvain akasema akiwa bado mlangoni. "Iko wa patron. Bibi yake anapekua kila karatasi, njo patron akaniomba jina yangu."

"Ukamupa."

"Ningefanya nini? Nyumba yote inakula juu ya ile volani ya gari yake."

"Na kijiji? Kijiji pia alikuomba?"

Sylvain akatazama chini. "Aliuliza kama najua fasi ya kimya, bantu ba huku habaendake."

Mapalo akatupa mkasi mezani. Shangazi Bijou akasimamisha cherehani.

"Miezi minane!" Mapalo akasema, na sauti yake ikafika barabarani. "Miezi minane natafuta ile fasi, napigia bantu simu, naifichia bateja bakubwa juu ya weye. Na weye unaitoa mu gari, kama vile unamuonyesha patron fasi ya kunywea bière! Na uongo yenu yote mubili, munaileta mu ofisi yangu, niithibitishe na mukono yangu!"

"Sikujua iko kwenu njo atapitia. Nakuapia."

"Ile jina Madame Katongo, mi njo nilikuwa naingoja. Leo iko na mutoto asiyemujua hata mama yako. Sikukatazi kula, Sylvain. Ungeniambia! Ungeniambia, tungelia bote mubili."

"Niliogopa."

"Basi kaa na woga yako. Toka."

Sylvain akatazama kwa shangazi Bijou apate msaada. "Umesikia, mwana," yule mama akasema, akarudisha mguu kwenye cherehani.

Jumatatu saa nne mlango wa shirika ulifunguka kwa nguvu. Sylvain aliingia, shati lake halikupigwa pasi. Hakumtazama Mapalo. Alikwenda moja kwa moja kwa Madame Virginie, wateja watatu wakisikiliza.

"Madame, kuko chumba mu jina yangu. Ufute."

"Bwana, ile mambo iko ya mukubwa wako. Ongea naye."

"Nimeongea naye asubuhi. Aliniambia jina ni jina tu, nisijifanye mukubwa. Nikamuwekea funguo juu ya gari yake. Baba yangu alibeba hii jina mu reli mpaka mugongo ikakunjama. Hakuiba, hakudanganya muntu. Ufute, ama nitakaa hapa nieleze kila mwenye kuingia."

Madame Virginie akatazama wateja, akakunja uso. "Mapalo, lete ile faili."

Mapalo akaileta, akaipasua yeye mwenyewe mara nne, kisha akarudi mezani pake na kumalizia barua aliyokuwa akiandika. Sylvain alipotoka, Mapalo alihesabu dakika mbili, akamfuata nje.

Alimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa benki.

"Kazi?"

"Imeisha."

"Mama yako anajua?"

"Nimeanzia kwake. Alilia, kisha akaniambia niende kwenu."

Mapalo akamkunjulia kola iliyopinda, kwa hasira, kama anayemkaripia mtoto.

"Usiwaze kasirani yangu imeisha. Haijaisha."

"Naiona."

"Baba anatoka Lukafu siku ya Mungu, Jumapili hii, analeta mahindi kwa shangazi. Kuya umuone, weye na ba oncles wako."

Sylvain akamkodolea macho. "Sina kazi, Mapalo. Na weye uko na kasirani bado."

"Kazi utatafuta. Na kasirani nitakuwa nayo bado siku ya Mungu," akasema, akigeuka kurudi ofisini. "Kuya vile vile. Saa tisa. Usichelewe."