Robo Mzunguko wa Skrubu ya Hewa

Pikapu ilipoingizwa uani kwa fundi, kitu cha kwanza ambacho hakikuwa sawa ni moshi wake. Ulikuwa mweupe, mwembamba, na haukunuka petroli wala oili. Ulinuka tope bichi, lile la chini kabisa ya kisima.

"Unasikia harufu hiyo?" fundi alimuuliza mwenye gari.

"Harufu gani? Mimi nasikia harufu ya nguvu tu," mwenye gari alijibu, akacheka peke yake.

Alikuwa mkandarasi mwenye maneno mengi. Injini iliyokuja na pikapu aliing'oa, akaweka kubwa zaidi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiendesha pampu kwenye kisima kimoja cha zamani mpaka kisima kikakauka. Akaiongezea kabureta ya pili na kupanua bomba la moshi. Barabarani ilikimbia kama imetumwa. Tatizo lilikuwa sailensa, yaani ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Injini ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, mwisho ikazima.

"Nakuachia mpaka kesho," mkandarasi alisema. "Ila nguvu yangu usiiguse."

Fundi huyu watu walimwita Sikio, kwa sababu walidai anaweza kusikia nati ikilegea mtaa wa pili. Sifa hiyo ilikuwa imemwingia kichwani, na wala sisemi hivyo kumpamba. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake mwenyewe, na dirisha la chumba cha kulala lilitazama moja kwa moja pale alipofanyia kazi. Mle chumbani alipumzika mkewe, mjamzito wa miezi minane, mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja. Fundi alimwita Mama Kijacho. Kila alipotaka kuwasha gari alikimbia kwanza kufunga kioo cha dirisha, moshi usije ukamfikia.

Asubuhi nzima ilimwishia kwenye pikapu ile. Plagi zilikuwa safi. Pampu ya mafuta ilisukuma vizuri. Alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio kutafuta hewa inayoingia kwa wizi, hakuna tone lililonyonywa. Alifungua kabureta zote mbili, akazisafisha, akazirudisha. Injini ikapanda, ikashuka.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini na kuubana mpini sikioni, kama mafundi wanavyofanya wakitaka kujua nini kinagonga ndani. Hakusikia kugonga. Alisikia mtu akivuta pumzi kwa shida.

Alicheka. Alikuwa na tabia ya kuongea na injini, hasa zile sumbufu. "Haya bibie, usinililie. Sema unachotaka, nitakupa."

"Hewa," sauti ilisema ndani ya mpini.

Aligeuka huku na huku, uani hamkuwa na mtu. Njaa hii, alijiambia, tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Tena sauti ile ilikuwa imesema jambo ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulishuku. Akaifungua skrubu ya hewa, ile inayoipimia injini hewa, robo mzunguko.

Injini ikatulia. Ilitulia vizuri kuliko injini yoyote aliyowahi kuigusa, na kwa sekunde chache fundi alijiona mfalme. Kisha akasikia kitu kikianguka chumbani.

Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, amejishika shingo, midomo imegeuka rangi ya majivu.

"Zima," alinong'ona. "Zima gari."

Fundi alirudi mbio, akazungusha ufunguo. Injini ikazima, na kutoka ndani akamsikia mkewe akivuta pumzi ndefu, kisha akikohoa, kisha akilia.

"Ni moshi," alimwambia alipomletea maji.

"Dirisha limefungwa," mkewe alijibu.

Hapo ndipo alipopaswa kuufunga mlango wa pikapu na kuiacha. Hakuiacha. Fundi haamini jaribio moja, na huyu aliamini sikio lake kuliko woga wake. Mkewe alikuwa amesogea dirishani kupata mwanga. Sikio aliwasha injini. Ikapanda, ikashuka, kana kwamba skrubu haijaguswa. Akaishika skrubu, akainua macho, akamtazama mkewe kupitia kioo, na huku anamtazama, akafungua robo nyingine.

Injini ikatulia. Nyuma ya kioo mkewe akafunua kinywa na hakuna kilichoingia.

Akataka kuirudisha skrubu, ikagoma. Akazungusha ufunguo, akauchomoa kabisa, injini ikaendelea. Akang'oa waya za betri, na injini ikaendelea kuunguruma taratibu kama mtu aliyeshiba, na harufu ya tope ikajaa ua mzima mpaka machozi yakamtoka.

"Uliiahidi nini?"

Alikuwa mganga, bibi wa nyumba ya jirani, amesimama mlangoni mwa ua na khanga ameishikilia puani. Kwa miaka mingi Sikio alikuwa akimtania kwamba dawa zake haziwezi hata kuwasha pikipiki.

"Bibi, nilisema nitaipa inachotaka. Nilikuwa natania!"

"Harufu hii naijua, injini imekuja na kisima chake; kimekauka, kimebaki bila pumzi. Wewe ukakipa ya mkeo. Kiambie si yako kutoa. Kisha ukizibe midomo, kwa mikono yako mwenyewe. Haraka!"

"Si yangu!" fundi alipiga kelele. "Pumzi ile si yangu kutoa!" na akaziba midomo ya kabureta zote mbili kwa viganja, jinsi mafundi wanavyozima injini iliyogoma kuzimika, lakini kilichomnyonya viganja hakikuwa hewa, ilikuwa midomo kweli, baridi na laini, ikivuta na kuvuta, na huku mganga akisoma maneno yake kwa sauti isiyopanda wala kushuka yeye alihisi kifua chake mwenyewe kinabonyea, macho yanaingia giza, na hakuachia, mpaka injini ilipotikisika mara moja, ikapiga kelele ambayo chuma hakiwezi kuipiga, na bomba la moshi likatapika maji machafu, mengi, ndoo kwa ndoo, yakatiririka hadi barabarani.

Injini ikazima. Chumbani mkewe alivuta pumzi.

Jioni ile ile mkandarasi aliitwa, akairudisha injini kisimani, mganga akiwa ameketi pembeni yake. Fundi aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia bila kujificha.

"Mtoto anacheza?" aliuliza.

"Alikuwa anacheza mpaka ulipoingia."

Hakuelewa. Mkewe aliweka mkono juu ya tumbo na kuongea polepole.

"Mara ya kwanza hukujua. Hilo nimelikubali. Mara ya pili ulinitazama, mume wangu. Ulinitazama, ndipo ukafungua."

"Nilitaka kuwa na uhakika."

"Toka kidogo."

Akatoka, akasimama ukumbini. Mlango ulirudishwa nyuma yake. Dakika moja ikapita.

"Sasa anacheza," mkewe alisema kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa na kilio.

Sikio akashika kitasa. Alitaka kuingia tena, mara moja tu, aone kama ni kweli.

"Usiingie kuhakikisha," mkewe alisema, na ufunguo ukazungushwa kwa ndani.