Mtungi wa Bibi Kituoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rihab alijaza maji mtungi wa udongo uliosimama kwenye kituo cha mabasi cha Shendi. Mtungi huo ulikuwa sadaka ya marehemu bibi yake, wa kuwanywesha wasafiri. Alimimina ndoo mbili, akafunika, akaondoka mbio.

Siku moja, Rihab akiwa bado hapo, basi la kwenda Atbara lilisimama. Abiria walishuka, midomo imewakauka. Bibi mmoja akachota kikombe. Mara Awadalla, mwenye duka la soda, akapaza sauti.

"Hajati, mwaga hayo! Yatakulaza hospitali. Njoo kwangu unywe soda baridi."

"Mwanangu, tangu Khartoum nimekunywa soda mbili, na koo bado linawaka," alilalamika yule bibi. Hata hivyo, aliyamwaga.

Rihab alipandwa na hasira. "Muongo we! Unachafua sadaka ya bibi yangu ili uuze soda zako!"

Akakimbia nyumbani, hatua ishirini tu kutoka hapo, kumwita mama yake. Mama huyo, Sitana, alitoka na unga mikononi, macho makali.

"Nani anamsema vibaya mama yangu?"

"Usinifokee mimi, dada. Funua ujionee," Awadalla alijibu.

Sitana alinawa, akafunua, akatumbukiza mkono hadi kiwiko. Ulitoka na utando wa kijani unaoteleza. Abiria wakatazamana.

"Rihab, uliusugua lini?"

"Mama, naujaza kila siku..."

"Sikuuliza kujaza!"

"Kabla ya Ramadhani," Rihab alinong'ona. Na Idi ilikuwa imepita wiki mbili.

Sitana akamgeukia Awadalla. "Na wewe uligundua lini?"

"Kama wiki mbili hivi."

"Wiki mbili! Unawatangazia wateja, mimi niliye hapo mlangoni huniambii? Watoto wangapi wamekunywa humu ukiwaangalia?"

Awadalla aliinamisha kichwa, akajifanya anapanga chupa.

Sitana alimletea yule bibi maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari kidogo. Alikunywa polepole mpaka uso ukachangamka. Basi likaondoka.

Siku hiyo Rihab alichelewa shule. Alimwaga maji yote, akausugua mtungi kwa mchanga na nyuzi za mtende, bila sabuni, maana udongo huinywa sabuni na kuitoa tena kwenye maji. Mikono ilimuuma, machozi yakamtoka. Kisha akajaza maji yaliyotiwa dawa.

Kesho yake basi lilipofika, alichota kikombe, akanywa yeye kwanza mbele ya abiria wote. Awadalla akatoka dukani, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi, binti." Akanywa, akawageukia abiria. "Kunyweni. Leo ni safi."

Rihab akamtazama mama yake, akitarajia sifa.

"Jana ulikasirika kwa ajili ya jina la bibi yako," Sitana alimwambia. "Lakini aliyelichafua ni wewe. Msafiri mwenye kiu haoni chini ya mtungi, mwanangu. Anamwamini aliyeujaza. Ijumaa utausugua tena."