Kwa Nini Kaltumu Aliziba Kinywa

Usafi wa Kaltumu ulijulikana mtaa mzima pale Arua, kaskazini mwa Uganda. Ua wake ulifagiwa kabla jua halijachomoza. Alipotawadha kwa ajili ya sala, alisukutua kinywa kwa nguvu na kutema mbali, kama anayefukuza kuku.

Mwaka ule wa 1974 jino lake la mwisho lilimsumbua. Ni lile gego linaloota ukubwani, kule nyuma kabisa. Liliota upande, shavu likavimba. Hospitalini daktari wa meno aliling'oa, akampa pamba aiume.

"Leo usisukutue wala usiteme," alimwambia. "Acha damu igande."

Kaltumu aliitikia. Lakini nyumbani alionja damu mdomoni, ikamchukiza. Atasimamaje mbele ya Mungu hivyo? Adhuhuri akasukutua kwa nguvu. Alasiri akaingiza na kidole. Mswaki aliuweka kando kabisa, maana aliogopa kuumia.

"Mama, daktari hapana kataza?" aliuliza binti yake, Rabia.

"Daktari hapana jua sala yetu," alijibu.

Siku ya tatu maumivu yalipanda hadi sikioni. Kibaya zaidi ilikuwa harufu. Kaltumu alipumulia kiganja chake, akanusa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Yeye, Kaltumu, kunuka!

Na siku hiyo hiyo mgeni alikuwa njiani. Alikuwa Fatumah, aliyekuja kutoka Koboko kumposea mwanawe, Lukumani. Binti aliyetakiwa ni Rabia.

Fatumah alishuka kwenye lori na vumbi hadi kwenye kope, jasho likimtiririka. Kaltumu alivuta ushungi, akaziba kinywa na pua. Aliulizwa hali, akatikisa kichwa tu. Fatumah aliposogea karibu, yeye alisogea mbali. Fatumah akajikung'uta vumbi. Akaitazama nguo yake, kisha akainuka na kuacha chakula alichoandaliwa kwenye sinia.

"Yakubu," alimwambia mume wa Kaltumu, "sisi iko watu wa shamba, lakini sisi naoga. Bibi yako anaziba pua juu yangu. Hii maneno ya posa, tuache."

Akaondoka. Rabia alijifungia chumbani, kilio chake kikasikika hadi uani. Kaltumu alitaka kumkimbilia mgeni amweleze, lakini angeelezaje bila kufungua kinywa? Alibaki mlangoni, amejaa aibu.

Kilio kilimleta Rosina, jirani yao kutoka Sudan, aliyekuwa nesi katika chumba cha meno.

"Mama Rabia, toa nguo mdomoni, mimi naona."

"Mimi nanuka, dada."

"Kazi yangu iko ndani ya midomo ya watu. Fungua."

Kaltumu alifumba macho, akafungua. Rosina akamgeuza kuelekea mwangani.

"Shimo iko wazi, mfupa inaonekana. Wewe nasukutua na nguvu?"

"Kila sala," Kaltumu alinong'ona.

"Sikia. Jino ikitoka, damu inaganda ndani ya shimo. Hii damu hapana uchafu. Inafunika mfupa kama bandeji, mpaka nyama mpya ikuje. Wewe natoa bandeji. Ndiyo maana uchungu imekuja na harufu imekuja."

"Na sala yangu?"

"Hiyo uliza shehe. Mimi iko Mkristo."

Yakubu alikwenda kuuliza. Alirudi na jibu: mwenye kidonda asijiumize. Maji ayaingize polepole na kuyaacha yadondoke.

Asubuhi Rosina alimpeleka hospitalini. Shimo lilioshwa, likawekwa dawa yenye harufu ya karafuu. Tangu hapo, kila baada ya kula, Kaltumu alishika maji ya uvuguvugu yenye chumvi mdomoni, bila kuyasukasuka. Alikula uji na vyakula laini. Meno mengine aliyapiga mswaki taratibu, kwa sababu mabaki ya chakula huozea mdomoni. Tumbaku hakuigusa, maana nayo huchelewesha kidonda kupona.

"Na uchungu ikizidi badala ya kupungua," Rosina alimwonya, "hapana kaa na aibu nyumbani. Kuja hospitali."

Maumivu yalipungua na harufu ikaisha. Aibu haikuisha. Rabia hakuwa akimtazama mama yake usoni. Kaltumu alipanda lori kwenda Koboko, bila ushungi mdomoni.

Alimkuta Fatumah akipepeta mtama. Hakungoja kukaribishwa.

"Dada, mimi ndiyo nilikuwa nanuka, hapana wewe. Kidonda ya jino ilioza. Niliona haya kusema."

Fatumah aliweka ungo chini.

"Siku ile nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili," alisema. "Tangu siku ile, mutu akikaa karibu na mimi, mimi nasogea."

Kaltumu alipiga magoti. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alikuwa ameificha aibu yake, na mwenzake akaibeba.

"Fungua kinywa," Fatumah aliamuru.

Alifungua. Fatumah akasogeza uso wake karibu kabisa, akatazama lile shimo lililoanza kujaa, akavuta pumzi.

"Hapana kitu," alisema. Akaita ndani, "Leteni kahawa! Mkwe wangu iko hapa!"

Kahawa ikaja, ikifuka moshi. Kaltumu hakuigusa.

"Wewe hapana kunywa?" Fatumah aliuliza, uso ukianza kubadilika.

Zamani Kaltumu angetikisa kichwa tu.

"Nesi alikataza moto sana, dada. Nangoja ipoe."

Fatumah aliweka kikombe chake chini. Alijisogeza hadi mabega yao yakagusana, wakaingoja pamoja.