Kosa Alilotubu Ipyana

"Umeelewa kwamba ukishakubaliana na upande wa mashtaka, hutaweza kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani?" hakimu aliuliza.

Ipyana aligeuka kunitazama. Nilikuwa benchi la nyuma, pale mahakamani Vwawa, nimejifunika kitenge hadi kidevuni. Nilitaka kumtikisia kichwa akatae. Nikaona shati lilivyompwaya, nikainama.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Nakubali kwa hiari yangu."

Alikamatwa akiendesha Canter ya bosi wake kuelekea Isongole, imejaa kahawa ya magendo ya kuvushwa kwenda Malawi. Bosi alikuwa amemhakikishia kibali kipo. Polisi waliposimamisha gari, bosi akazima simu mpaka leo. Wakili alimweleza wazi: akipigania haki yake, anaweza kukaa mahabusu muda mrefu, lakini akikiri kwamba alijua kibali hakipo, waendesha mashtaka wataomba apewe kifungo cha nje. Ipyana akaapa, akakiri, akarudi nyumbani Chapwa.

Mahari yangu ilishapokelewa. Yalibaki matangazo ya ndoa kusomwa kanisani. Lakini baba yangu, Mzee Zabron, ni mzee wa kanisa, na kwetu aliyetiwa hatiani husimama kwanza mbele ya washarika akatubu, ndipo jina lake lisomwe. Baba alisema hana ugomvi na kijana. Atubu tu, yaishe.

Jumamosi nikapata ujumbe wa Ipyana: "Loisi, mahakamani nilisema nilijua. Sikujua. Siwezi kuurudia uongo ule kanisani. Ukiniacha nitakuelewa."

Nikampigia, mimi ambaye hata kwenye kwaya naimba nimejificha nyuma ya mwenzangu Gwantwa.

"Nani kakwambia urudie uongo?"

"Si wanataka nitubu?"

"Basi tubu."

"Nitubu nini, Loisi? Kahawa?"

"Ulichokosa kweli."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Baba yako atanifukuza."

"Atatufukuza wote wawili."

Kesho yake, Ipyana alipoitwa mbele, nilitoka kwenye kwaya nikaenda kusimama kando yake.

"Washarika, nimekuja kutubu uongo," alisema. "Nilishika Biblia mahakamani nikasema nilijua ile kahawa haina kibali. Sikujua. Hukumu siwezi tena kuipinga, na sikuja hapa kuipinga. Nimekuja kwa sababu ya ile Biblia."

Baba akavua miwani.

"Kwa nini uliapa uongo, mwanangu?"

"Nilichoka kulala sakafuni, baba. Halafu nikasikia Loisi anatafutiwa mwingine."

"Nani alikwambia uongo huo?"

"Mama Gwantwa, alipokuja kuniona mahabusu."

Watu wakacheka chinichini. Mama Gwantwa akainamia kitabu chake cha nyimbo kama anayetafuta ukurasa uliopotea.

Baba hakucheka. Alinitazama nilivyosimama mbele ya kanisa zima bila kujifunika, akanitazama tena. Kisha akampa Ipyana mkono wa kulia, kama tunavyompokea mtu aliyerudi kundini, na hakuuachia upesi.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza," akasema, bado amemshika. "Ipyana wa hapa Chapwa anakusudia kumwoa Loisi, binti yangu. Mwenye pingamizi aseme."

Nilisikiliza. Hakuna aliyesema kitu, hata Mama Gwantwa.