Gorila Aliyepiga Chafya

Asubuhi ile Adrabo aliamka nyumbani kwao mtaani Awindiri akiwa na pua inayotiririka kama bomba bovu.

"Pua yako iko na nini?" mama yake aliuliza.

"Vumbi tu, mama!" Adrabo alijibu, akakimbilia shule kabla hajaguswa paji la uso.

Aliogopa kunyang'anywa nafasi yake. Jumamosi shule yao ingekwenda mji wa Koboko kuonyesha mchezo wa kuigiza kuhusu gorila wa milimani, na yeye ndiye aliyekuwa dume kiongozi, mwenye mgongo wa rangi ya fedha. Alifanya mazoezi hata nyumbani. Alitafuna majani ya kunde kwa madaha, na kila jioni alijijengea kiota kipya, kama gorila afanyavyo kwa matawi. Yeye alitumia mashuka ya dada zake. Dada zake hawakufurahi.

Darasani, Mwalimu Margarita aliuliza, "Nani anaumwa? Aseme sasa."

Adrabo akajitumbukiza ndani ya vazi lake la magunia, akavaa kichwa cha maboksi.

Mazoezi yakaanza. Kevina, aliyeigiza askari wa hifadhi, aliwazuia kwa fimbo wenzake walioigiza watalii. "Msisogee! Gorila wa milimani wamebaki wachache, na mafua yetu yanaweza kuwaua!"

"Haa... haa... CHYAAA!"

Kichwa cha gorila kiliruka, kikatua kifuani kwa Kevina.

"Leo gorila ndiye anatuletea mafua!" Swaibu, mmoja wa watalii, alipiga kelele. Watalii wote wakaangua kicheko.

Alhamisi Kevina alikuja shuleni akikohoa, sauti imekauka kabisa. Adrabo hakuweza kuvumilia. Alimwendea mwalimu.

"Mwalimu, mimi ndiye nilimwambukiza. Nilijua naumwa, nikaficha."

Mwalimu Margarita akamuuliza, "Maneno ya Kevina unayajua?"

"Yote. Gorila hana maneno, kwa hiyo nilikuwa nasikiliza tu."

"Basi nendeni nyumbani mpumzike, wewe na Kevina. Ukipona, utakuwa askari. Swaibu atakuwa gorila."

Adrabo akamkabidhi Swaibu kichwa cha maboksi, shingo upande.

Jumamosi alikuwa amepona. Kule Koboko alisema maneno yote bila kukosea, lakini Swaibu alipojipiga kifua, ukumbi mzima ulimshangilia yeye.

"Makofi yote ameyachukua Swaibu," Adrabo alinung'unika njiani.

"Ukiumwa, sema mapema, ujilinde na uwalinde wenzako," Mwalimu Margarita alimwambia. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na chafya tu. Mshukuru Mungu!"