Maneno Yabandikwe, Watu Waachwe

Vyombo vilipokwisha kuoshwa, Mama Pacha alifungua kompyuta juu ya meza ya kulia chakula. Mama mkwe wake alivuta kiti, miwani puani, kama hakimu.

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kusoma jumbe fupi za simu. Waandishi walikubali zitumike kuifundisha kompyuta lugha, na majina yao yalifutwa. Kila ujumbe aliubandika lebo: ni lugha gani, na kama ni lahaja, ya wapi.

"Soma," akasema mama mkwe.

"'Nipo njiani, nakaribia kufika.'"

"Yuko kitandani huyo! Waongo wa namna hiyo ni watu wa mlimani. Andika lahaja ya mlimani."

Mama Pacha akaandika. Ujumbe uliofuata, mtu alibembeleza apunguziwe bei ya godoro.

"Bahili! Huyo wa bondeni, kwa akina marehemu baba mkwe wako."

Akaandika tena. Kazi ikaenda mbio, wao wakicheka mpaka machozi.

Kesho yake kazi yote ilirudishwa, na onyo juu yake: ikiharibika tena, kazi atapewa mtu mwingine. Kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha Mama Pacha kulea mapacha wake wachanga nyumbani. Akamkimbilia jirani yake, mkaguzi wa kazi hizo.

Jirani alisoma, akashika kichwa.

"Huyu wa mlimani umemjuaje?"

"Si mwongo?"

"Uongo nao ni lugha, jirani?"

Mama Pacha akaifuta lebo ile.

"Hiki ni Kiswahili cha kawaida, cha kila mahali. Tazama maneno, mtu mwache. Ukikuta lugha mbili katika ujumbe mmoja, andika zote mbili. Usipojua, andika hujui. Kompyuta inajifunza kwetu. Tukibahatisha, nayo itabahatisha."

"Na lahaja nisiyoisema?"

"Muulize anayeisema."

Jioni yeye na mama mkwe wakaanza upya, polepole. Ukaja ujumbe ambao Mama Pacha aliuelewa nusu tu. Ulifanana na maongezi ya mama mkwe na dada zake. Akamsogezea.

Mama mkwe akasoma, uso ukamkunjamana. Mwandishi alimsema mama mkwe wake: anakoroma kama mashine ya kusaga, na sukari anaificha chini ya mto.

"Huyu si wa kwetu! Wakwe wa kwetu wana adabu!"

"Mama, adabu yake siiulizi. Nauliza maneno yake."

Mama mkwe akasoma tena, midomo ikichezacheza. Akavua miwani.

"Ya kwetu," akanong'ona. "Neno kwa neno. Tena mshenzi huyu anaisema vizuri!"

Lebo ikabandikwa. Safari hii kazi ilipokelewa yote, na Mama Pacha akabaki na nafasi yake. Mkaguzi akamwajiri na mama mkwe, asome jumbe za lahaja yake.

Siku ya kwanza tu, bibi huyo akakutana na ujumbe wa mkwe anayemsifu mama mkwe wake.

"Lugha hii mimi sijawahi kuisikia!" akasema. Lakini lebo akaibandika sawasawa.